Shahidi wa Avenyu ya Saba

Tangazo lilibandikwa Jumatatu ya pili ya Januari 2002, kwenye mlango wa chumba ambamo wakaguzi wa uwanja wa ndege walibadilishia nguo. Lilisema kwamba kuanzia mwezi wa nne hakuna mtu atakayegusa begi la abiria bila cheti. Kampuni za nje zilikuwa zimeshatishika na vita vya Burundi, na baada ya yale yaliyotokea Amerika mwezi wa tisa zikawa hazitaki mchezo tena. Wakaguzi walikuwa ishirini na watatu. Vyeti vingetolewa kumi na vinne.

Jovithe alilisoma mara mbili akiwa bado ameshika viatu vyake mkononi. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na kwa miaka minne kazi yake ilikuwa kupekua wanawake nyuma ya pazia la kijani, kwa mikono, bila mashine. Alikuwa amekuta visu, vifurushi vya dhahabu, na mara moja risasi kumi na mbili zilizoshonwa ndani ya pindo la kitenge. Mwenye kitenge kile alilia kwa sauti ya chini mpaka askari walipomchukua, na Jovithe hakujua baadaye aliishia wapi.

Masharti yalikuwa mengi. Mtu awe amefika kidato cha nne. Apimwe macho, na ajue kutofautisha rangi. Asiwe na kesi polisi. Asome darasani saa arobaini, kisha afanye saa sitini mbele ya mashine ya kupiga mabegi eksirei huku akisimamiwa, kisha afanye mtihani wa kuandika na mtihani wa picha. Na ajaze fomu ya mahali alipoishi kwa miaka kumi iliyopita, bila kuacha pengo, kila mahali pakiwa na shahidi asiye ndugu.

Wenzake waliogopa mtihani wa picha. Jovithe aliogopa hiyo fomu.

Mwalimu alikuwa mtu wa Dar es Salaam aliyeitwa Huseni, mrefu, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Siku ya kwanza watu walicheka Kiswahili chake, kwa sababu alisema "tafadhali" hata alipokuwa anaomba dirisha lifunguliwe. Kufikia siku ya pili hawakucheka tena. Alikuwa amemtoa darasani mzee mmoja aliyekagua mizigo miaka kumi na mmoja, baada ya mzee huyo kutazama kurasa za nukta za rangi na kushindwa kusoma namba iliyofichwa ndani yake. Mzee hakuwahi kujua maishani mwake kwamba haoni rangi kama wengine. Huseni alimsindikiza mpaka nje, akamshika mkono kwa heshima, akarudi, akaendelea na somo.

Darasa lilikuwa katika stoo ya zamani ya mizigo. Wakaguzi wa zamani walikaa mbele. Nyuma walikaa watu sita wapya, walioletwa na barua za wakubwa. Asubuhi ile ya kwanza Huseni aliwaomba kila mmoja asimame ataje jina. Jovithe alikuwa anaandika tarehe kwenye daftari. Alisikia viti vikisogea nyuma yake, jina moja, jina lingine, kisha sauti moja ikasema, "Mi naitwa Astère."

Hakugeuka. Kalamu ilibaki juu ya karatasi. Sauti hiyo alikuwa ameisikia mara nyingi sana mwanzoni mwa ndoa yake, ikipita barazani, ikiomba maji, ikiuliza kama suruali imekwisha. Na alikuwa ameisikia mara ya mwisho mwezi wa tatu mwaka 1995, nje ya mlango wa nyumba yao, avenyu ya saba, mtaa wa Bwiza.

Mume wake, Cirimwami, alikuwa Mushi, kabila la Wazairwa wa Bukavu, fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa barazani, na watoto wa avenyu yote walivaa nguo zilizopita mikononi mwake. Siku zile za mwezi wa tatu vijana walikuwa wanasafisha mitaa, ndivyo walivyosema wenyewe, na watu wa makabila waliyotaka yaondoke, pamoja na Wazairwa, walikuwa wanauawa au wanakimbia kwa miguu kuelekea Uvira. Cirimwami alikuwa ameweka kabati nyuma ya mlango. Walikuja saa tisa mchana. Walipiga mlango, naye hakufungua. Walitukana, hakufungua. Kisha ikawa kimya, na sauti moja ya mtu wanayemjua ikasema, "Fundi, fungua, ni mi Astère. Wameondoka." Cirimwami alisukuma kabati.

Jovithe alikuwa uani na mtoto mgongoni. Alisikia mlango ukifunguka, akasikia miguu mingi, akapanda ukuta. Annick alikuwa na mwaka mmoja. Hakulia, na Jovithe hakujua kamwe kwa nini hakulia.

Cirimwami hakuonekana tena, akiwa hai wala maiti.

Saa za darasa zilipita. Jovithe alikaa mbele, Astère nyuma, na siku tano hawakusemeshana. Jovithe aliwahi kumtazama mara moja, wakati wa mapumziko. Alikuwa amenenepa kidogo, na nywele zilianza kumtoka mbele, ingawa hakuzidi miaka ishirini na saba. Naye alikuwa anamtazama. Astère ndiye aliyeinamisha macho kwanza.

Kazi ya mashine Jovithe aliipenda, na hilo lilimshangaza. Huseni aliwafundisha kwamba vitu vya asili, chakula, nguo, karatasi, na pia vilipuzi, vinatoka rangi ya machungwa. Chuma kinatoka buluu. Vilivyochanganyika vinatoka kijani. Aliwafundisha kwamba jicho la mtu linachoka baada ya dakika ishirini, kwa hiyo kila dakika ishirini anayetazama lazima aondoke, mwingine akae. Alisema mtu asitafute bomu, maana hajui litakuwa na sura gani. Ajifunze sura ya begi la kawaida mpaka kisicho cha kawaida kimchome jicho chenyewe. Jovithe alielewa mara moja. Alikaa mbele ya kioo na mabegi yakapita, na yeye akawa anaona sabuni, redio, mfupa wa samaki mkavu, waya usiofika popote. Huseni alianza kumwita mbele awaonyeshe wengine. Astère alikuwa mzito kwenye picha, lakini kwenye kupekua kwa mikono alikuwa mzuri, mpole, mwenye kuomba ruhusa.

Dosie, yaani faili zenye fomu zote, zilitakiwa Ijumaa ya wiki ya pili. Jovithe alianza na sehemu rahisi. Tangu mwisho wa 1996 alikuwa anaishi Carama, na mwenye nyumba wake alisaini bila maneno. Jumamosi alipita mpaka wa Gatumba, akaenda Uvira kumtafuta katekista aliyempokea pamoja na mtoto wake mwaka ule wa kukimbia. Alimkuta mzee, amepofuka jicho moja, lakini alimkumbuka, na parokia ikampigia muhuri.

Ilibaki Bwiza, 1992 mpaka 1995. Jumapili baada ya misa alirudi avenyu ya saba kwa mara ya kwanza. Nyumba yao ilikuwa na mlango mpya wa chuma na watu wengine ndani. Mwanamke aliyetoka alimsikiliza kwa adabu, akasema wao waliikuta tupu. Jirani wa kulia alikufa. Wa kushoto walikuwa Tanzania kambini. Muuza mkaa wa kona alimtambua, na Jovithe aliona kwamba amemtambua, lakini aliposikia neno "kusaini" alisema yeye alihamia pale juzijuzi. Mkubwa wa mtaa alimwambia bila ukali kwamba watu wa miaka ile hawapo, na waliopo hawapendi kuulizwa ni nani alikuwa anaishi wapi. Kisha akafikiri kidogo, akasema anakumbuka familia moja iliyobaki, ya kijana anayeitwa Astère.

Jumatano, saa sita mchana, Astère alimfuata nje ya stoo, mahali ambapo watu walikuwa wanakula. Alisimama mbali kidogo, kama mtu anayezungumza na askari.

"Mama Annick," akasema, "nimesikia unatafuta mutu wa Bwiza. Mi naweza kusaini."

Jovithe alifunga kopo lake la chakula.

Astère aliendelea kueleza, akitazama chini, kwamba na yeye ana pengo hilohilo. Wazazi wake walikufa, ndugu hawaruhusiwi, na watu wa avenyu hawataki kuandika jina lake kwenye karatasi yoyote. Alisema wanaweza kwenda pamoja kwenye ofisi ya zoni, ya utawala wa Bwiza, kesho, kila mmoja amsainie mwenzake, yaishe. Hakuomba msamaha. Jovithe alimwambia atafikiri, na sauti yake mwenyewe ilitoka ya kawaida kabisa, ikamtia hofu.

Usiku ule hakuwa na la kufikiri. Kazi ile ndiyo iliyomlipia Annick shule, chumba na chakula. Nje ya kazi ile alikuwa na mikono miwili na mji wenye vita.

Alhamisi mchana walikwenda Bwiza kila mmoja kivyake, wakakutana mlangoni pa ofisi ya zoni. Karani alikuwa amekwenda kula. Walikaa kwenye benchi moja kwenye korido, katikati yao nafasi ya mtu mmoja, wakiwa na fomu mapajani. Fomu ya shahidi ilikuwa na mistari mitatu: kwamba namjua mtu huyu, kwamba aliishi mahali hapo miaka hiyo, kwamba sijui tendo lake lolote linalomfanya asifae kulinda maisha ya watu.

Jovithe aliusoma mstari wa tatu, akauliza bila kugeuza kichwa, "Mulimuweka wapi?"

Mtu alipita na ndoo, akaingia chumba kingine.

"Ku muto Ntahangwa," Astère akasema. "Kwa ukingo, nyuma ya Buyenzi. Walinifanya nibebe miguu."

"Ulijua watamuua?"

"Nilijua. Walisema nikikataa kumuita, wataanza na mi. Lakini nilijua. Miaka saba hakuna mutu amewahi kuniuliza."

Jovithe aliinuka. Alimwambia amwonyeshe, sasa hivi, kabla karani hajarudi. Kama hatamwonyesha, yeye hatasaini kitu. Wakaenda. Walikatiza Buyenzi kwenye jua kali, Jovithe nyuma hatua kumi, wakipita gereji na wanawake waliokaanga sambusa, mpaka nyumba zikaisha na mto ukaonekana chini, mwekundu, umejaa taka.

Astère alisimama mahali fulani, akatembea mbele, akarudi. Aliangalia nguzo ya umeme upande wa pili, akapima kwa macho. Kisha akanyoosha mkono kuonyesha hewa. Ukingo ulikuwa umekatika. Mahali alipopaonyesha hapakuwapo tena. Kulikuwa na mteremko mbichi wa udongo uliomeguka, na mita nyingi chini yake maji. Alisema zamani ardhi ilifika mpaka pale, kulikuwa na migomba mitatu. Mtoto mmoja aliyekuwa anafua karibu alisema ukingo ulianguka wakati wa mvua za mwaka juzi, ukachukua hata choo cha jirani.

Jovithe alisimama akitazama maji. Alikuwa amejiandaa kuona kaburi, au kichaka, au hata takataka zilizorundikwa. Hakuwa amejiandaa kuona pasipo na kitu. Mto ule unaingia ziwani, na samaki wa ziwa lile alikuwa amewala miaka yote miwili tangu mvua zile. Wazo hilo lilimjia, akainama akatapika kwenye nyasi. Astère alisogea kama anayetaka kumshika, akaacha.

Walirudi ofisini. Karani alikuwa ameketi, anachokoa meno. Aliwauliza kama wanajuana, wakasema ndiyo. Astère alisaini fomu ya Jovithe haraka, bila kuisoma. Jovithe alichukua fomu ya Astère. Alisaini chini, kwa sababu ni kweli alimjua, na ni kweli aliishi avenyu ya saba. Kabla ya kuirudisha alichukua kalamu tena akaukata mstari wa tatu kwa mstari mmoja ulionyooka. Karani alipiga muhuri juu ya mkato huo bila kutazama. Astère aliona. Alikunja karatasi yake, akaitia mfukoni, akashukuru.

Wiki iliyofuata walifanya mtihani wa kuandika, na baadaye, saa za mashine zilipotimia, mtihani wa picha. Ilikuwa tayari mwezi wa tatu. Jumatano moja Huseni alianza kuwaita watu mmojammoja kwenye chumba kidogo nyuma ya stoo, dosie zikiwa mbele yake. Jovithe aliingia wa tano. Huseni alimkaribisha kiti, akamwambia kwamba katika picha mia moja alikosea mbili tu, na kwamba tangu aanze kufundisha hajawahi kuona alama kama hizo kwa mtu wa mara ya kwanza.

Kisha akatoa karatasi ya Astère, akaigeuza mbele yake.

"Huu mstari umeukata wewe?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa nini?"

Jovithe hakuwahi kumwambia mtu. Si katekista wa Uvira, si Annick. Alimwambia huyu mgeni mwenye miwani ya uzi, kuanzia cherehani ya barazani mpaka mteremko wa udongo, na ilimchukua muda mfupi kuliko alivyodhani. Huseni hakumkatiza. Alipomaliza, alivua miwani akaishika.

Alimweleza mambo yalivyo. Alisema karatasi ya polisi ya Astère ni safi, kwa sababu hakuna aliyemshtaki. Kitu pekee kinachoweza kumzuia ni neno la shahidi. Jovithe akiliandika na kulisaini, yeye Huseni hatamthibitisha mtu huyo, hata aje na barua ya nani. Lakini mtu asiyefaa kuthibitishwa hafai kuwa shahidi wa mwingine.

"Shahidi wako wa Bwiza ni yeye," akasema. "Nikimwondoa yeye, una pengo la miaka mitatu. Mimi siwezi kuliziba. Faili hizi zinakaguliwa Ulaya, na wakiona nimefumbia macho faili moja, wanafuta zote kumi na nne."

"Na nisipoandika?"

Huseni alifungua droo, akatoa fomu mpya, tupu, akaiweka mezani. Alisema akiijaza upya bila mkato, ile ya zamani ataichana mwenyewe, na wote wawili watapata vyeti Ijumaa ya wiki ijayo. Alisema hamshauri lolote, ana mpaka Jumatatu. Aliisukuma karatasi ile bila kumtazama, na Jovithe aliona kwamba naye anaona aibu.

Jumamosi Léonce, mkuu wa zamu, alikuja Carama kwa miguu. Alikuwa mtu mzima, mwenye kujali watu wake, na Huseni alikuwa amemdokeza kwamba dosie moja ina shida. Jovithe alimweleza kwa ufupi. Léonce alikaa kwenye kigoda mlangoni, akasikiliza, akasema hajasikia jambo geni. Alisema kanisani anapeana mkono wa amani kila Jumapili na mtu aliyechoma nyumba ya dada yake. Alisema wakubwa wameshakaa Arusha na kusaini mkataba wa amani, na wale wa pande zote wanarudi na kupewa ofisi, kwa nini mwanamke mmoja wa Carama ajinyime mkate?

"Tukisema tutoe kila mutu kama huyo," akasema, "ku uwanja ule atabaki nani?"

Léonce alimwomba afikiri juu ya mtoto, akaondoka akiwa na huzuni ya kweli.

Jumapili Annick alikuwa anafanya hesabu sakafuni. Jovithe aliiweka fomu tupu juu ya meza na kuitazama mpaka mchana. Alijua Astère asingemdhuru abiria. Pengine angekuwa mkaguzi mzuri, mwangalifu kuliko wengine, kwa sababu ya yale anayoyabeba. Hilo ndilo lililomsumbua. Hakuwa hata na hofu kwa ajili ya abiria, ambayo ingemsaidia kuamua. Alikuwa na sentensi moja tu, "sijui tendo lake lolote", na jina lake chini yake. Aliijaribu kwa sauti. Annick aliinua kichwa akauliza anaongea na nani.

Alichukua karatasi ya daftari, si ile fomu, akaandika. Aliandika mwezi, saa, namba ya nyumba, jina la mume wake, maneno yaliyosemwa nje ya mlango, na mahali penye ukingo uliokatika. Aliandika pia kwamba Astère alimwambia kweli alipomuuliza, kwa kuwa na hilo lilitokea. Ilijaa ukurasa mmoja na robo. Alipomaliza alisaini.

Jumatatu alimpa Huseni ile karatasi pamoja na fomu tupu. Huseni aliisoma amesimama, mara mbili, akaitia kwenye dosie. Alisema anasikitika. Jovithe alisema anajua.

Ijumaa vyeti vilisomwa ndani ya stoo, mbele ya wakubwa wawili na mpiga picha. Majina kumi na mawili. Watu waligeuka kumtazama Jovithe jina lake lilipokosekana, kwa sababu wote walijua nani alikuwa wa kwanza. Nje, kwenye kivuli cha ukuta, Astère alikuwa anamsubiri. Alikuwa ameambiwa sababu.

"Umenimaliza," akasema, bila hasira. "Na we umejimaliza."

Jovithe alimjibu kwamba ni kweli. Astère akaelekea kituo cha basi.

Aliyekasirika hakuwa yeye. Mkubwa aliyempa Astère barua ya kuingia kazini alituma watu wawili kwa Léonce kuuliza nani aliharibu dosie ya kijana wake. Léonce aliwaambia ilikuwa ni macho, kijana hakuona rangi vizuri. Hawakuamini. Baada ya wiki watu wawili walifika Carama wakamuuliza mwenye nyumba kama anapangisha mjane wa Mzairwa. Jovithe alifunga vitu siku hiyohiyo mchana, akampeleka Annick Gatumba kwa Consolée, mwanamke wa Uvira aliyeuza mawese, ambaye walipanga naye foleni moja mpakani mara nyingi. Annick aliacha shule katikati ya muhula. Kwa miezi mitano walilala watatu kwenye mkeka mmoja, na Jovithe alibeba madumu ya mawese kuvuka mpaka, akishuka kwenye tope kila milio ya risasi iliposikika upande wa milimani. Mgongo uliharibika, hautapona.

Ni wakati huo alipomwambia Annick kuhusu baba yake. Alimwambia yote, kwa maneno ya mtoto wa miaka minane. Annick alisikiliza akivuta uzi kwenye nguo yake. Aliuliza cherehani ilikwenda wapi. Jovithe alisema iliibwa. Annick akauliza ilikuwa rangi gani, na Jovithe akamwambia nyeusi, yenye maua ya dhahabu ubavuni, na hilo ndilo mtoto alilolihifadhi, kwani kesho yake alimsikia akimweleza Consolée.

Mwezi wa tisa Léonce alimtumia ujumbe. Walihitaji wanawake wa geti la nje, barabarani, kabla ya jengo, kupekua watu wanaosindikiza abiria. Malipo ya siku, nusu ya yale ya zamani. Geti la nje halikuhitaji cheti. Sheria ilianzia mlangoni. Jovithe alikwenda kesho yake. Walimpa fulana ya rangi ya chungwa iliyokuwa ya mtu mwingine, kopo la maji na nafasi chini ya bati.

Kufikia saa nne foleni ilikuwa ndefu. Wanawake walifika wamevaa nguo za kanisani, wamebeba mabegi ya watoto wao waliokuwa wanaondoka kwenda Ulaya, Kanada, popote. Aliwasalimia kila mmoja, aliwaomba wainue mikono, akapitisha viganja vyake kwapani, kiunoni, kwenye pindo la kitenge. Mmoja alimuuliza kwa nini wanapekuliwa hapa na ndani tena watapekuliwa na wenye mashine. Jovithe alimwambia ndivyo kazi ilivyo, akamwonyesha upande wa kupita, akamwita aliyefuata.